Tiba na vyakula vya asili vichapishwe pamoja na vipimo vyake

Ndugu Mhariri,

Safu za afya na mapishi magazetini zimekuwa zikisifu vyakula vya asili na mitishamba ya mataifa mbalimbali, na hilo ni jema. Kinachonisumbua ni namna sifa hizo zinavyoandikwa. Msomaji anaambiwa kwamba tangawizi hutuliza kichefuchefu, kwamba mdalasini unafaa kwa mwenye kisukari, kwamba kabichi iliyochachushwa hulisaidia tumbo, halafu makala inaishia hapo. Haambiwi ni sehemu gani ya mmea, gramu ngapi, maji kiasi gani, dakika ngapi motoni, dawa hiyo hukaa muda gani kabla ya kuharibika, wala nani asiitumie. Naomba gazeti lako liache kuchapisha tiba au chakula chochote cha asili bila mambo hayo. Sababu zipo, na nyingine zimeua watu.

Nianze na mahindi. Watu wa Mexico na Amerika ya Kati, ambao ndio walioyalima kwanza, hawakuwa wakiyala makavu yaliyosagwa hivi hivi. Waliyachemsha katika maji ya chokaa au ya majivu, wakayalaza humo usiku kucha, wakayaosha, ndipo wakayasaga. Vitamini B3 iliyomo ndani ya punje imefungwa kiasi kwamba utumbo wa binadamu hauwezi kuipata yote, na chokaa ndiyo inayoifungua. Wazungu walipoyavusha mahindi baharini walichukua mbegu wakaiacha chokaa. Mwaka 1735 daktari Gaspar Casal aliuona ugonjwa mpya kwa wakulima maskini wa Asturias, Hispania, waliokuwa wakiishi kwa mahindi. Mwaka 1771 Francesco Frapolli wa Italia akauita pelagra. Ngozi huchubuka palipopigwa na jua, mgonjwa huharisha, akili huchanganyikiwa, na asipotibiwa hufa. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa huo ulitapakaa kusini mwa Marekani, na wengi waliamini kwamba unaambukiza, mpaka Joseph Goldberger, aliyetumwa na idara ya afya ya serikali mwaka 1914, alipoonyesha kuwa chanzo ni chakula. Vitamini yenyewe ilikuja kutambuliwa kuwa ndiyo tiba mwaka 1937, katika kazi ya Conrad Elvehjem na wenzake. Miaka mia mbili ilipita hivyo, na muda wote huo majiko ya Mexico yalikuwa yakiendelea na chokaa yao kila jioni.

Kwa hiyo gazeti likiandika kuhusu mahindi ya chokaa, liandike hivi. Kilo 1 ya mahindi makavu yaliyochambuliwa, lita 3 za maji, gramu 10 za chokaa ya chakula, yaani kalsiamu haidroksaidi. Koroga chokaa katika maji kwanza, tia mahindi, chemsha kwa moto mdogo dakika 30 hadi 45, mpaka ganda la punje litoke ukilisugua kwa vidole. Funika, epua, acha saa 8 hadi 12. Mwaga maji yote, osha mara mbili au tatu huku ukisugua, kisha saga mahindi yakiwa bado na unyevu. Tumia sufuria ya chuma kisichoshika kutu au chungu, maana chokaa huila alumini. Usitumie chokaa ya kujengea kwa sababu haikutengenezwa kwa ajili ya kuliwa na inaweza kuwa na uchafu wenye madhara, wala chokaa hai, ambayo huchemka ikikutana na maji na kuunguza mikono na macho. Chokaa ikizidi, unga hugeuka manjano na kuwa mchungu. Mahindi yakichemshwa kupita kiasi, donge hunata kama gundi na halisukumiki. Na jambo moja ambalo sijawahi kuliona likiandikwa katika makala zetu: hatua hii haiyasafishi mahindi yenye ukungu. Hupunguza sehemu ya sumu ya aflatoksini, lakini punje zilizoota ukungu hutupwa kabla ya kufika jikoni.

Muhogo mchungu unafundisha jambo hilohilo kwa ukali zaidi, kwa kuwa hapa hatua haikusahaulika njiani. Watu waliifahamu vizuri, ila njaa na haraka ya soko viliifupisha. Ndani ya muhogo mna linamarini, kemikali inayoficha sianidi, na katika sehemu nyingine ya seli zilezile mna kimeng'enya, yaani protini ya mmea, kinachoivunja. Seli zikipasuka, viwili hivyo hukutana, na gesi ya sianidi hutoka na kupotea hewani. Ndiyo maana watu wa Amazoni huparuza muhogo kisha huukamua kwa kikapu kirefu cha kusokotwa, na ndiyo maana watu wa Afrika ya Kati huuloweka mzima siku tatu hadi ulainike na kusambaratika kwa vidole. Kumenya tu na kuanika vipande vikubwa juani hakutoshi. Seli nyingi hubaki nzima, na kadiri kipande kinavyokauka haraka ndivyo kimeng'enya kinavyokosa maji ya kufanyia kazi, nayo sumu inabaki ndani ya unga mweupe unaovutia macho. Mwaka wa ukame huongeza hatari mara mbili: mmea wenyewe hutengeneza sumu zaidi, na walaji hawana subira ya siku tatu. Ugonjwa wa kupooza miguu uitwao konzo ulielezwa na Giovanni Trolli huko Kongo mwaka 1938, na mwaka 1981 ulizuka mkoani Nampula, Msumbiji, wakati wa ukame. Huwapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Huja ghafla, na aliyepooza hapati nafuu kamili.

Unga wa muhogo ambao historia yake huijui unaweza kupunguziwa sumu nyumbani kabla ya kupikwa, kwa njia iliyobuniwa na Howard Bradbury wa Australia. Tia unga katika bakuli na uweke alama ulipofikia. Ongeza maji huku ukikoroga. Unga utashuka, kisha utapanda tena. Ukifika kwenye alama, acha kuongeza maji. Utandaze juu ya mkeka kwa unene usiozidi sentimita 1, uuache saa 2 juani au saa 5 kivulini, halafu upikwe siku hiyohiyo. Usiupange katika rundo nene, kwa maana gesi haitapata pa kutokea. Majani ya muhogo nayo hutwangwa kwanza, ndipo yakachemshwa katika sufuria isiyofunikwa. Anayeyachemsha mazima ili kuokoa muda ameiruka hatua inayoondoa sumu. Na pamoja na muhogo mlo uwe na maharage, samaki au mayai, maana mwili huhitaji protini yenye salfa ili kuibadilisha sianidi kidogo iliyobaki iweze kutoka kwa mkojo.

Nikiwa kwenye maharage: yale mekundu yenye umbo la figo hayaliwi yakiwa hayajaiva. Punje nne au tano mbichi zinaweza kumtapisha mtu mzima ndani ya saa 1 hadi 3. Yalowekwe kwa saa 5 au zaidi, maji hayo yamwagwe, yachemshwe katika maji mapya kwa moto wa kububujika dakika 30, ndipo moto upunguzwe. Sufuria ya umeme ya kupika polepole isiyofikia kuchemka huiongeza sumu yao badala ya kuipunguza, kwa hiyo mapishi yanayosema "tia maharage makavu, washa, nenda kazini" yasichapishwe kabisa.

Kwenye mitishamba, kosa letu kubwa ni kuliamini jiko. Tunadhani kila dawa huimarika ikichemshwa. Ge Hong, tabibu wa China wa karne ya 4, aliandika dawa ya homa za vipindi kwa maneno machache sana: chukua konzi moja ya qinghao (mmea wa Artemisia annua), iloweke katika sheng mbili za maji (sheng ni kipimo cha kale cha Kichina), kamua, kunywa maji yote. Hakutaja moto. Zaidi ya miaka 1,600 baadaye Tu Youyou, mwanasayansi wa China ambaye majaribio yake ya mmea huo yalikuwa yakitoa matokeo yasiyotabirika, aliyasoma maneno hayo na kutambua kwamba huenda joto ndilo lililokuwa likiiharibu dawa. Akatumia etha, kimiminika cha kuyeyushia kinachochemka kwenye nyuzi joto 35 tu, na mwezi Oktoba 1971 sampuli namba 191 ikawaua vimelea vyote vya malaria katika panya. Tuzo ya Nobel aliipata mwaka 2015. Lau Ge Hong angeandika tu kwamba "qinghao inatibu homa", asingekuwa na cha kumfaa mtu.

Lakini hapohapo pana onyo ambalo magazeti huliacha. Chai ya majani makavu ya mmea huo haimpi mgonjwa kipimo kinachojulikana. Kiasi cha dawa hutofautiana kati ya shamba na shamba, kati ya kikombe na kikombe, na mara nyingi ni kidogo mno kuwaua vimelea wote, hivyo mgonjwa hupata nafuu ya siku chache halafu homa inarudi, na vimelea wanaobaki hai ni wale sugu. Shirika la Afya Duniani halishauri chai hiyo kwa malaria. Makala inayosimulia ushindi wa Tu Youyou bila kutaja jambo hili inaweza kumchelewesha mtoto mwenye homa kufika hospitali.

Mfano wa jinsi ya kuandika tiba tunao tangu mwaka 1763, nao pia ulikuwa barua. Kasisi Edward Stone wa Uingereza aliiandikia Royal Society, chama cha wanasayansi cha huko, kuhusu magome ya mti wa mwerebi. Alisema aliyakausha zaidi ya miezi mitatu nje ya tanuri la mwoka mikate, akayatwanga na kuyachekecha, akaanza na kipimo kinachokaribia gramu 1.3 kila baada ya saa 4, akapandisha hadi karibu gramu 4, na akawapa watu wapatao 50. Akaeleza pia kwamba homa chache za msimu wa majani kupukutika na zile za kila siku ya nne hazikusikia dawa mpaka alipochanganya na gome la kwinini. Sehemu ya mmea, ukaushaji, kipimo, muda kati ya dozi na pale iliposhindwa: vyote vimo katika barua fupi ya mtu asiyekuwa daktari. Basi na waandishi wetu wanaweza.

Kuna kanuni chache za utayarishaji ambazo zingeweza kuchapishwa mara moja na kurejewa kila wiki. Majani na maua hayachemshwi: mwagia maji yaliyochemka, vijiko 1 hadi 2 vya chai vya majani makavu kwa kikombe cha mililita 200 hadi 250, funika dakika 5 hadi 10, chuja. Mfuniko ni lazima, kwa sababu ile harufu nzuri inayojaza chumba ni mafuta ya mmea yanayoondoka kikombeni. Mizizi na magome ni magumu, hivyo hukatwa vipande vidogo na kuchemshwa kwa moto mdogo dakika 15 hadi 20. Dawa iliyochemshwa isilale mezani hadi kesho yake. Iwekwe kwenye jokofu na imalizwe ndani ya saa 24. Tangawizi iliyokaushwa ni kali kuliko mbichi, kwani jinjeroli, kemikali inayoipa tangawizi ukali, hugeuka shogaoli iliyo kali zaidi ikikauka, hivyo gramu za unga na gramu za mzizi mbichi hazibadilishani. Kwa kichefuchefu cha ujauzito kiasi kilichojaribiwa zaidi ni kama gramu 1 ya unga kwa siku nzima, ikigawanywa mara nne. Mama anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amwone daktari kwanza. Asali kwa kikohozi ni nzuri, ila asipewe kabisa mtoto aliye chini ya mwaka 1, hata kwa ncha ya kidole, kwa sababu inaweza kuwa na mbegu za bakteria wa botulizimu (ugonjwa wa sumu inayopooza misuli) ambazo utumbo wake mchanga hauwezi kuzidhibiti.

Aina ya mmea na sehemu yake visiachwe wazi. Mdalasini wa Ceylon (Sri Lanka) una gome jembamba lililokunjwa tabaka nyingi na huvunjika kwa vidole. Ule wa kasia ni mnene, mgumu, umejikunja mara moja tu, nao una kumarini nyingi, kemikali ya asili inayoweza kudhuru ini la baadhi ya watu. Kwa mtu wa kilo 60, kikomo cha kumarini kilichowekwa Ulaya ni miligramu 6 kwa siku, na kijiko kimoja cha chai cha unga wa kasia kinaweza kukifikia au kukipita. Kunyunyiza kidogo kwenye chakula hakuna shida. Shida ni kijiko kila siku kwa miezi, na hicho ndicho makala za kisukari zinachoshauri. Unga ukishasagwa huwezi kutofautisha kwa macho, basi anayetaka kutumia mara kwa mara anunue vijiti. Mshubiri nao una vitu viwili katika jani moja: ute mweupe wa ndani unaopakwa kwenye ngozi iliyoungua kidogo, na utomvu wa manjano ulio chini ya ganda, ambao huendesha tumbo kwa nguvu na kusokota. Jani likikatwa lisimamishwe dakika 10 hadi 15 utomvu udondoke, kisha lioshwe, ndipo ute ukwanguliwe. Anisi ya nyota ya Kichina ni kiungo, ya Kijapani ni sumu, na zikikauka hazitofautishwi kwa macho. Watoto wachanga waliopewa chai iliyochanganyika wamepata degedege. Mtoto mchanga hahitaji chai hiyo kwa vyovyote.

Vyakula vya kuchachusha vinahitaji mizani. Kabichi ya Kijerumani, na kabichi za Kikorea kwa kanuni inayofanana, hutegemea chumvi: gramu 20 hadi 25 kwa kila kilo ya kabichi iliyokatwa. Usipime kwa kijiko, kwa kuwa kijiko cha chumvi ya mawe na cha chumvi laini havina uzito mmoja. Chumvi ikipungua kabichi hulainika na kuteleza. Ikizidi, bakteria wazuri wa asidi hushindwa kufanya kazi. Iponde mpaka itoe maji yake, ishindilie, weka kizito juu ili yote izame, iache mahali penye nyuzi joto 18 hadi 22 kwa wiki 3 hadi 4. Utando mweupe juu ya maji huondolewa kwa kijiko. Ukungu wa rangi, au kabichi ya waridi yenye utelezi, tupa yote.

Chombo nacho ni sehemu ya mapishi. Wenyeji wa Alaska walikuwa wakivundika vichwa vya samaki katika mashimo ya ardhini yaliyotandikwa nyasi, kwenye baridi. Walipoanza kutumia ndoo na mifuko ya plastiki, mara nyingi ndani ya nyumba zenye joto, botulizimu iliongezeka, kwani plastiki huzuia hewa na bakteria huyo hustawi pasipo na hewa. Samaki walikuwa walewale. Hatari hiyohiyo imo katika kitunguu saumu kibichi kinachotiwa kwenye chupa ya mafuta na kuwekwa rafuni, pambo linaloonekana sana katika picha za mapishi. Mafuta hufungia hewa nje, na kitunguu saumu hakina asidi ya kutosha. Kiwekwe kwenye jokofu na kitumike ndani ya siku 4, la sivyo kisitengenezwe.

Najua jibu la chumba cha habari: nafasi ni ndogo na msomaji wa kawaida hapendi vipimo. Bangladesh imeshalijibu hilo. Kati ya mwaka 1980 na 1990 wafanyakazi wa BRAC, shirika la maendeleo la nchi hiyo, walipita nyumba kwa nyumba, kaya zipatazo milioni 12, wakiwafundisha akina mama kutengeneza maji ya mtoto anayeharisha: chumvi ya kubana kwa vidole vitatu, sukari guru ya konzi moja, maji nusu lita. Wengi wao hawakujua kusoma. Wafundishaji walilipwa kulingana na kile mama alichokumbuka wakaguzi walipopita baadaye, na maji waliyoyatengeneza akina mama yalipimwa. Vipimo vitatu vilivyoshikwa vizuri viliingia karibu kila kijiji. Kwa mwenye kijiko na chupa, kipimo ni vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi katika lita 1 ya maji salama, vijiko vyote vikiwa vimesawazishwa kwa kisu. Yanywewe kidogo kidogo na yamwagwe baada ya saa 24. Chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto, na sukari ikizidi huzidisha kuharisha. Maji hayo yasiwe na chumvi kuliko machozi.

Ninachoomba, basi, ni kisanduku kidogo chini ya kila makala ya namna hii, chenye jina kamili la mmea pamoja na lile la kisayansi, sehemu inayotumika, uzito kwa gramu, maji, muda, chombo, muda wa kuhifadhi, na watu wasiopaswa kutumia. Katika hao wa mwisho wasisahaulike wanaomeza dawa za hospitali. Ule mmea wa maua ya njano wa Ulaya, Hypericum perforatum, unaouzwa kwa ajili ya huzuni, hupunguza nguvu za vidonge vya uzazi wa mpango na za baadhi ya dawa za VVU. Likorisi, ule mzizi mtamu, ikitumiwa kila siku hupandisha shinikizo la damu na kushusha potasiamu mwilini. Mwandishi akikosa kujaza kisanduku hicho, makala isubiri mpaka atakapopata majibu.

Na pale kipimo kinapochapishwa kimakosa, sahihisho litoke katika ukurasa uleule na kwa herufi za ukubwa uleule. Wasomaji wengi hukata mapishi na kuyabandika ukutani jikoni, na sahihisho dogo la ukurasa wa nyuma haliwafikii.

Wako,
Msomaji wa safu ya afya